Spika Hufa kwa Jua Kabla ya Maji: Maneno Niliyowaambia Wenye Boti wa Dunga

Mwenyekiti wa ufuo, wazee wetu, akina mama mnaotulisha samaki, manahodha, na nyinyi vijana wa boti za watalii mliosimama kule nyuma kana kwamba mna deni langu: oimore. Asanteni kwa kiti, na asanteni kwa kivuli cha mti huu. Kivuli hicho nitakirudia baadaye, maana ni nusu ya mambo niliyokuja kusema.

Nimeombwa nizungumze kuhusu muziki wa botini hapa Dunga, ufuo wetu wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria: ununue chombo gani, kipi ukiache dukani, na kwa nini spika uliyoifunga Desemba inakoroma ifikapo Pasaka. Sikuja na karatasi. Nimekuja na gunia. Humu ndani mna maiti kumi na moja. Msishtuke, ni spika. Nyingine ni zenu, na wenyewe mtazitambua nikizitoa. Zote nimezifungua mwenyewe kwa bisibisi ili nijue zilikufa kwa ugonjwa gani.

Lakini kabla sijagusa za wenzangu, nianze na yangu. Wengi hapa mnanijua kwa muziki wa matatu, yale magari ya abiria. Nilijifunza kazi Nakuru, nikaja Kisumu, na kwa miaka mingi kama ulipanda gari lililokutetemesha meno, huenda nililifunga mimi. Siku moja mwenye boti akanijia, akasema, "Fundi, nataka boti yangu ipige kama ile matatu yako." Nikamwambia hakuna shida. Shida yenyewe ilikuwa hapo. Nikamfungia wufa mbili, yaani spika za besi, za inchi 12 zenye koni (ule uso unaotetemeka) za karatasi, tuita nne za sauti nyembamba, amplifaya chini ya benchi, na waya ile nyekundu na nyeusi tuliyozoea kununua kwa mita. Siku ya kwanza ohangla, ule muziki wetu wa Kijaluo, ililia hadi watu wa nchi kavu wakacheza. Mwezi wa tatu upande wa kushoto ukanyamaza. Mwezi wa nne, wa kulia.

Yule mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Spika zako zimekunywa maji." Nikakubali haraka, maana maji ni kisingizio kizuri, kila mtu anakielewa. Nikampunguzia bei ya mpya. Jioni nikazifungua nyumbani, nikakuta kavu kabisa! Hakuna tone wala doa. Ile sponji ya ukingoni, inayoishika koni isianguke, ilikuwa imekauka na ikamung'unyika vidoleni kama mkate wa wiki jana. Plastiki ya mbele ilikuwa imefanya unga mweupe. Na mahali waya inaposhikana na spika palikuwa na kijani kibichi, kama ukoga. Nilikuwa nimemdanganya mzee wa watu bila kujua. Nilimrudia nikamweleza, na ile bei niliyompunguzia nikaipunguza zaidi.

Kwa hiyo dai langu la leo ni hili, na mtakaopinga mtanipinga mbele ya gunia: hapa ziwani, spika nyingi haziuawi na maji. Jua ndilo linaloziua, na waya humalizia.

Fikirini tulipo. Kisumu imekaribia kuukanyaga mstari wa ikweta. Mtu akitoka hapa kwenda Maseno anauvuka kabla chai haijapoa. Halafu ziwa hili liko juu, mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa ya kuchuja miale ya urujuanimno inapungua. Kwa kila mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa kama asilimia 10. Mwenzetu wa Mombasa ana chumvi ya kupigana nayo, na namhurumia, kwa sababu chumvi hula chuma usiku na mchana. Sisi maji yetu ni baridi, hayana chumvi, unaweza kuyaoshea kikombe. Ila jua letu linashuka kutoka juu, linagonga maji, na sehemu yake inarudi kutoka chini. Spika iliyokaa ubavuni mwa boti inachomwa pande mbili kama mahindi.

Sasa, ununue nini? Anza na koni. Koni ya karatasi ina sauti tamu, sikatai, na kwenye gari lenye paa na vioo itakaa miaka. Botini iache. Karatasi hunywa unyevu wa usiku, hukauka mchana, hunywa tena, mpaka ipinde. Tafuta koni ya polipropilini, ile plastiki nyepesi ngumu kidogo. Kisha bonyeza ukingo wake kwa kidole gumba. Ukiwa sponji, rudisha rafuni. Ukiwa mpira unaonyumbulika na kurudi, endelea. Kwa grili ya mbele, plastiki bora kwa jua huitwa ASA; si ile inayotumika kwenye vifaa vya kawaida vya nyumbani, ambayo jua huigeuza njano na kuipasua. Kama grili ni ya chuma, iwe chuma kisichoshika kutu cha namba 316. Nenda dukani na kisumaku kidogo. Chuma cha 316 hakikamatwi na sumaku, au hukamatwa kidogo sana. Sumaku ikirukia grili na kung'ang'ania, wameipaka rangi tu. Hakikisha tu kisumaku chako hakivutwi na sumaku ya spika yenyewe ukadhani ni grili. Mimi nilibishana na mwenye duka robo saa nzima kabla sijagundua.

Watengenezaji wa kweli hupima. Kwenye karatasi ya maelezo utaona maneno kama ASTM D4329: hicho ni kipimo cha kuiweka plastiki chini ya taa za urujuanimno na unyevu kwa saa nyingi. Utaona pia ASTM B117, nacho ni cha ukungu wa chumvi. Wauzaji hupenda kuitaja hiyo ya chumvi kwa sauti kubwa, kwa sababu boti nyingi duniani ni za bahari. Nyinyi ulizeni ile ya jua. Asipoijua, msimcheke, mwombeni awasomee boksi.

Naona mzee mmoja ananyoosha kidole kuuliza kuhusu "waterproof" iliyoandikwa kwenye boksi. Mzee, neno hilo peke yake halina maana. Maana iko kwenye herufi mbili, IP, na tarakimu zinazozifuata. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na vitu vinavyoingia, mwisho wake 6. Ya pili inahusu maji. Mahali ambapo hawakupima huweka X. Kwa hiyo IPX4 ni ya matone yanayorushwa kutoka kila upande. Hiyo ni ya kuwekwa chini ya paa la boti, isiwe mbele kabisa. IPX5 ni maji ya mpira mdogo, lita 12.5 kwa dakika. IPX6 ni mpira mkubwa unaotoa lita 100 kwa dakika, yaani mitungi mitano ya lita 20 inamwagwa juu ya spika kabla hujamaliza kuhesabu sitini. IPX7 ni kuizamisha mita 1 kwa dakika 30.

Hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu anaona 7 ni kubwa kuliko 6, anadhani aliye na 7 ana vyote. Sivyo. Kukaa kimya chini ya maji ni mtihani mmoja, kupigwa na maji yenye nguvu ni mwingine. Spika iliyolala ndani ya pipa nusu saa haijawahi kukutana na lile wimbi la alasiri, upepo wa ziwani unapogeuka na nahodha analazimika kulikata kwa omo, yaani kwa mbele ya chombo. Atakaye vyote viwili atafute boksi lililoandika vyote viwili, IPX6 na IPX7 pamoja. Na usome maandishi madogo: kwa spika nyingi za kutobolewa ukutani, namba hiyo ni ya uso wake tu. Mgongo wake hauna ahadi yoyote. Ukiifunga mahali ambapo maji ya chini yanarukia mgongoni, umejifungia mwenyewe.

Tena kumbukeni, kipimo kilifanywa spika ikiwa mpya. Ule mpira wa kuzuia maji unachomwa na jua lile lile nililolisema.

Na tarakimu ya kwanza, ile ya vumbi? Pwani hawaijali sana. Sisi tuijali, kwa sababu ya vijidudu. Mnajua ninaowasema, wale wanaoinuka ziwani kama moshi, ukiwa mbali unadhani kuna moto. Nimefungua amplifaya moja ya boti ya Usenge, nikatoa vijidudu vilivyokauka vya kujaza kikombe cha chai. Vilikuwa vimeziba feni, amplifaya ikapikika. Wadudu hao hufuata taa. Na sasa kumekuja spika zenye taa za rangi kuzunguka koni: nyekundu, bluu, kijani. Ukiniuliza mimi, kuzifunga spika hizo kwenye boti ya usiku ni sawa na kuwaalika wadudu karamuni na kuwaonyesha mlango. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanajua nguvu ya taa usiku kuliko mimi. Ukizitaka kwa urembo, sawa, lakini hakikisha tarakimu ya kwanza ni 6, na swichi ya taa iwe peke yake.

Nimemaliza spika. Sasa waya, na hapa nawaomba subira, maana kati ya maiti za gunia hili, baadhi zilikuwa na spika nzima kabisa. Kilichokufa ni waya.

Nimeweka vipande viwili vya waya hapa mezani na kisu. Mama, hebu njoo wewe uliye karibu. Kwangua hicho cha kwanza. Nje ni nini? Nyekundu, rangi ya shaba. Na ndani? Nyeupe. Haya, kwangua cha pili. Nje nyeupe, ndani nyekundu. Mmeona? Cha kwanza ni alumini iliyovikwa shaba nyembamba, na ndiyo waya inayouzwa kwa wingi kwa fundi wa magari, kwa sababu ni rahisi. Cha pili ni shaba tupu iliyopakwa bati, kila uzi mmoja mmoja, ili hewa yenye unyevu isiifikie shaba. Hiyo ndiyo waya ya boti. Waya mbaya ni nyekundu nje nyeupe ndani. Waya nzuri ni nyeupe nje nyekundu ndani. Ukisahau yote ya leo, kumbuka kisu. Alumini ikikutana na shaba penye unyevu na umeme unapita, inaliwa haraka, na ile sehemu inayoliwa hupata joto. Joto botini, karibu na petroli, sihitaji kueleza.

Unene nao una hesabu. Chukua amplifaya inayovuta ampia 10. Betri iko tezini, nyuma karibu na enjini, amplifaya iko mbele, mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Ukitumia waya ya milimita za mraba 1.5, volti 1 na zaidi itapotelea njiani. Ukitumia ya 6, unapoteza volti 0.3 hivi. Amplifaya yenye njaa ya volti hukata sauti kwa vipande, ile mikwaruzo unayosikia besi inapogonga, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayounguza koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni. Mwenye boti anasema spika ni mbovu, ananunua nyingine, anaifunga kwenye waya ile ile.

Mwisho wa waya usiusokote kwa mkono ukafunga na selotepu. Wengi tunafanya hivyo, mimi nimefanya hivyo, na kila mara nimeitwa tena. Bana kwa kiunganishi cha shaba iliyopakwa bati, kisha vika ule mpira unaonywea kwa moto, wenye gundi ndani. Utaona gundi ikitoka pembeni kidogo. Hapo maji hayana mlango. Kabla waya haijafika kwenye spika, iache ining'inie kidogo kama tumbo, ili maji yanayoifuata yadondoke pale chini badala ya kutiririka hadi kwenye kiungo. Mbinu hiyo haigharimu hata shilingi.

Na fyuzi iwe karibu na betri. Nakuta watu wameweka fyuzi kwenye amplifaya pekee. Hiyo inailinda amplifaya. Waya mita 5 zote zilizopita chini ya miguu ya abiria hazina mlinzi. Zikichubuka na kugusana, betri itamwaga moto wake wote hapo. Wamarekani wana baraza lao la viwango vya boti, ABYC, na kanuni yake ya kawaida ni inchi 7 kutoka kwenye betri, yaani urefu wa kiganja pamoja na vidole. Mimi nafuata hiyo.

Watu wa pwani wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa mwa chombo, maji yanapokusanyika, pale mnapokwangua kwa kopo. Wenyewe walikuwa wanasema mambo ya watu, mimi nausema kwa petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki juu kama moshi. Unashuka ngamani na kulala huko ukisubiri cheche. Ndiyo sababu sitafunga amplifaya, swichi wala betri chini ya benchi lenye tangi, hata ukinilipa mara mbili. Betri ya maji ya asidi nayo ikichajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo sanduku lake liwe na matundu ya hewa kwa juu.

Betri ya muziki na betri ya kuwashia enjini zitenganishwe. Enjini ndogo za kuvuta kamba hamna shida hiyo, mtavuta tu. Lakini wale wa enjini kubwa za ufunguo, muziki wa saa tano mkiwa mmetia nanga unaweza kuwalaza majini. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo una 50. Muziki ukivuta ampia 5 kwa wastani, una saa 10. Tafuteni amplifaya za daraja D, ambazo hupoteza umeme kidogo. Zile za zamani karibu nusu ya umeme inageuka joto. Na mnaponunua spika, angalieni desibeli zake, yaani ukubwa wa sauti yake, kwa wati moja. Spika ya desibeli 91 itafikia sauti ya ile ya 88 kwa nusu ya umeme. Ni betri ya bure hiyo.

Wati za kwenye boksi msiziamini. Amplifaya imeandikwa wati 2,000. Geuza nyuma, soma fyuzi: ampia 15. Zidisha na 12, unapata 180. Hiyo ndiyo nguvu inayoweza kuingia, na itokayo ni pungufu ya hapo. Zile 1,820 zilizobaki zimechapwa na kiwanda cha maboksi.

Sasa kuna jambo la mashua zetu za mbao ambalo vitabu vya nje havilisemi. Spika nyingi za boti zimetengenezwa kwa boti za faibaglasi zenye ukuta wa ndani na wa nje, katikati kuna nafasi. Unatoboa, unaingiza, na ile nafasi inakuwa sanduku. Mashua ya mbao ina ubao mmoja, upande wa pili ni ziwa. Huwezi kuutoboa! Vijana wakaja na akili ya kuifunga spika kwenye nguzo bila sanduku, wazi mgongo. Inalia, lakini besi hakuna, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele inakutana na ile inayovutwa nyuma, zinauana. Halafu wanalaumu amplifaya. Jawabu ni mawili. Ukiwa na pesa, nunua zile spika zilizokuja ndani ya ganda lake, za kufungwa kwenye bomba la paa. Usipokuwa nazo, tengeneza sanduku la plaiwudi ile ya gundi isiyoachia majini, lipake rezini ndani na nje, ukingo wa matundu pia, maana ubao hunywea kwenye kidonda. Liinamishe kidogo liangalie chini. Spika inayoangalia juu ni bakuli.

Na lifungwe chini ya paa. Ndiyo maana nilisema nitakirudia kivuli. Turubai la boti ya watalii linaongeza maisha ya spika kuliko namba yoyote ya IP, na ukifika ufuoni, leso kuukuu juu ya zile zilizo wazi inatosha. Usioshe kwa petroli kama unavyoosha mikono. Petroli inakula mpira. Kitambaa na maji ya ziwa basi.

Chapa? Naulizwa kila siku. Fusion ya New Zealand na JL Audio ya Marekani zinatengeneza vitu vya boti vya kweli, na zote mbili sasa ziko chini ya Garmin, moja tangu 2014, nyingine 2023. Ni ghali, na feki zake zipo. Mimi afadhali nifunge spika ya wastani kwa waya nzuri kuliko ya kifalme kwa waya ya alumini.

Wenye boti za watalii, nawaomba kitu kimoja zaidi. Wageni wenu hawaji Dunga kwa besi, besi wanayo mjini. Wanakuja kwa mafunjo, kwa ndege mwekundu na mweusi wa kwenye mafunjo ambaye watu huvuka bahari kumtafuta, na wakibahatika, nzohe, yule swala wa kinamasi, akichungulia. Sauti mnayoihitaji ni ya mtu anayeeleza. Kwa hilo, kuna spika moja ambayo sijaitia kwenye gunia kwa sababu sijaikuta maiti bado: ile ya tarumbeta, ya misikitini na ya mikutano ya injili. Iko juu ya mnara, mvua yake, jua lake, ndege wanajenga humo, na alfajiri inalia. Haitoi besi, imeumbwa kwa sauti ya binadamu. Weka ndogo mbili zinazoangalia ndani ya boti, maikrofoni ya mkononi ya aina ya koili, isiyoogopa unyevu, na mtu wa kiti cha mwisho atasikia bila kupigiwa kelele. Spika ndogo nyingi karibu na watu ni bora kuliko kubwa moja mbele. Kila umbali unapoongezeka mara mbili mahali wazi, sauti hushuka desibeli 6. Ukitaka wa nyuma asikie kwa spika moja, wa mbele utamtoboa masikio.

Tena maji hubeba sauti. Hewa iliyolala juu ya maji ikiwa na baridi kuliko ya juu yake, sauti hujipinda kurudi chini na kuteleza mbali. Mnachocheza nyinyi katikati ya ghuba, mgonjwa wa kijiji cha ng'ambo anakisikia kitandani. Kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zipo, lakini sikuja kuwatisha na sheria.

Nahodha naye ana masikio ya kazi. Lazima aisikie enjini inapobadilisha mlio, amsikie mtu anayepiga yowe kutoka mashua nyingine. Ndiyo sababu huwa nafunga swichi moja kubwa karibu na mkono wake, inayoua muziki wote kwa pigo moja. Na wanaovusha abiria Mbita na visiwani, pesa ya wufa ya pili inunueni redio ya VHF ya mkononi inayoelea, muifunge kwenye chaneli 16, ile ya wito wa dharura. Sumaku ya spika iwe mbali na dira, kama mnayo dira.

Swali la mwisho nalichukua kwa mama pale. Anauliza: mwanawe anavua omena, ana mashua ndogo, hana betri wala paa, afunge nini? Mama, asifunge kitu. Anunue ile spika ndogo ya bluutuu yenye IP67, ya kushika mkononi. Haina waya wa kuoza. Aifunge kwa kamba, maana nyingi hazielei. Mchana aiweke chini ya kitambaa, kwa sababu betri ya lithiamu huchukia joto kuliko inavyochukia maji, na asiichaji tundu likiwa bado na unyevu.

Haya, nimetosha. Sasa namwaga gunia. Hii ya kwanza ina stika ya bluu, mwenyewe ananijua na ananiangalia. Walioleta vipande vya waya, kisu kiko mezani, anzeni kukwangua.